Fahali wa Namuwongo

Mwanamke akiitwa ua, hutabasamu. Akiitwa malaika, hujifanya hakusikia ili aitwe tena. Lakini mwanamke akiitwa fahali, tena kwenye maspika, tena na mwanamume anayempenda kwa moyo wake wote, huyo hana la kufanya ila kuwahi kazini Jumatatu kabla majirani hawajaamka, na kumwomba Mungu azinyeshee simu zao zote mvua.

Julienne aliwahi. Haikumsaidia kitu.

Pale kona ya kuingilia Namuwongo waendesha boda walikuwa wameshapanga pikipiki zao, na mmoja wao, mzee mzima mwenye wajukuu, alimtazama akipita, akakinga mdomo kwa kiganja na kulia taratibu, kwa heshima zote, "Mbuuu."

"Mungu anakuona, mzee," Julienne akamwambia.

"Na mimi nakuona, binti yangu. Majani iko huko mbele."

Alifungua saluni kwa kuupiga mlango teke. Ilikuwa kibanda cha mabati kilichopakwa rangi ya waridi, karibu na reli kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita kioo hucheza na mteja hujiona ana vichwa viwili. Yeye na rafiki yake Olivia, Wakongo wote wawili, ndio waliokuwa na saluni hiyo. Mbele walimsuka kila mtu. Nyuma ya pazia waliwasuka wanawake wa Kiislamu wasiotaka nywele zao zionwe na wapita njia, na asubuhi hiyo nyuma ya pazia alikaa Hajati Maimunah, bibi wa Kinubi kutoka Kisugu, kichwa chake upande mmoja kimesukwa na upande wa pili kimesimama kama kimeona mwizi.

Mama Marlène, mama mzazi wa Julienne, naye alikuwepo. Hakuja kusukwa. Alikuja kusema, na kusema hakuhitaji foleni.

Sasa wikendi iliyopita ilikuwa ya muziki kila mahali, na kila mmoja pale ndani alikuwa na lake la kusimulia. Olivia ndiye aliyeanza, akichana wigi lililokaa juu ya chupa.

"Mimi kule Jinja nimekanyaga tope mpaka nimesahau rangi ya miguu yangu. Kiatu kimoja kimebaki huko kando ya Nile. Na yule mpiga ngoma niliyemfuata, alipopanda jukwaani mimi nilikuwa foleni ya choo. Nilimsikia vizuri sana. Ngoma na choo, vyote pamoja."

"Umenunua tiketi ukasikilize chooni," Hajati akasema kutoka nyuma ya pazia.

"Hajati, pale ndipo palipokuwa pakavu peke yake."

"Afazali weye," Mama Marlène akadakia. "Sisi tulienda kuona muimbaji mukubwa wa nyimbo za Mungu. Tulimungojea mpaka watoto wakalala chini ya viti. Akakuja. Akafungua kinywa, wimbo ukaanza. Akafunga kinywa akunywe maji, wimbo ukaendelea. Ule wimbo ulikuwa haumuhitaji hata kidogo."

"Ndiyo maana mimi sitoki," Hajati akasema. "Mimi tamasha langu ni doluka, ngoma yetu Wanubi, harusi ikiwa Bombo. Hakuna tiketi, hakuna tope. Ukicheza vibaya wanakwambia hapo hapo."

Julienne alikuwa karibu kucheka. Siku mbili hajacheka, na cheko lilikuwa limeshafika kooni, likisubiri ruhusa. Ndipo Olivia akamgeukia na uso mweupe wa mtu asiye na hatia.

"Na wewe, Julienne, ile show yako ilikuwaje?"

Nyuma ya pazia, chini chini, kitu kikasema, "Mbuu."

"Hajati," Julienne akasema, "kichwa chako bado kiko mikononi mwangu."

"Nimekohoa tu, mwanangu. Ni vumbi."

*

Msomaji wangu, usije ukadhani huyo mwanamume alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, Julienne angelala usingizi.

Aliitwa Masinde. Mgisu wa Mbale kwa damu, lakini aliletwa Kisugu angali mgongoni, akanyonya Kiganda pamoja na maziwa, na Kiganda kikamtengenezea ulimi ambamo r na l hucheza kibemasa: ukimtafuta huyu unamkuta yule. Kazi yake ilikuwa mitambo ya sauti. Yeye ndiye aliyebeba maspika, aliyeunga nyaya, aliyekaa kwenye ile meza ya vitufe katikati ya watu, hedifoni masikioni, akihakikisha kwamba gitaa halimli mwimbaji. Begani hakukosa waya uliokunjwa duara. Alikuja nao kwenye chai. Alikuja nao kwenye msiba.

Kwa sababu yake Julienne alikuwa ameona wanamuziki wengi kuliko mwanamke yeyote wa Namuwongo, na wote aliwaona peke yake. Masinde alimwingiza bure, akamsimamisha mahali pazuri, akamwambia, "Nakuja sasa hivi," kisha akaenda kwenye meza yake na hakuja. Wimbo wa mapenzi ukipigwa, wenzake wameegemeana mabega, Julienne ameegemewa na kiwiko cha mtu asiyemjua. Hapo hugeuka. Na kule nyuma, juu ya vichwa vya watu, huuona uso wa Masinde umewekewa mwanga mdogo wa mitambo, na macho yake yanamtazama yeye, si jukwaa. Kisha Masinde humwinulia kidole kimoja. Kimoja tu, maana vingine viko kazini.

Kwa kidole hicho Julienne aliishi mwaka mzima. Lakini binti wa watu hawezi kuolewa na kidole.

Siku moja uvumilivu ukamwishia. "Masinde," alimwambia, "Swahili yako ni ya polisi. Kuja hapa. Kaa chini. Toa kitambulisho. Ndani yake hakuna hata neno moja la kumwambia mwanamke."

Masinde aliukunja waya wake, akaondoka akiwaza.

Na Jumamosi, kwenye bustani ya hoteli moja, bendi ya rumba imeshuka na nyingine haijapanda, watu na vinywaji vyao wametulia, Masinde akashika maikrofoni. Julienne alimwona, akalinyoosha gauni lake. Sauti ilitoka kubwa, safi, imepimwa na fundi mwenyewe.

"Julienne wa Namuwongo. Nataka watu yote isikie. Wewe ni fahali yangu."

Akaweka maikrofoni, akarudi mezani kwake.

Pasingekuwa na Mkenya pale, mambo yangeishia hapo, kwa kuwa nusu ya bustani haikujua neno lile, na Julienne mwenyewe alikuwa na shaka nalo. Lakini mshereheshaji alikuwa kijana wa Nairobi mwenye koti la kumetameta, na kijana wa Nairobi hawezi kuona neno la Kiswahili limelala akaliacha lilale.

"Wamama na wababa, fahali," alisema. "Kwa wale ambao Swahili iliwapita kando: fahali ni ng'ombe dume. Jamaa anampenda ng'ombe wake. Hebu tumlilie."

Wakamlilia. Bustani nzima ikawa zizi. Julienne alisimama katikati, mwanamke mwenye mwili wa kushiba, amevaa gauni jekundu alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Alitamani ardhi impokee. Ardhi ya hoteli ilikuwa na saruji.

*

"Minasema hivi," Mama Marlène alikuwa akisema sasa, akitandaza kitenge chake magotini kama hakimu. "Ule mutu si wa kwetu. Si wa kanisa letu. Kwao wanakula chipukizi za mianzi. Nikanyamaza. Sasa anaita mutoto yangu ng'ombe mbele ya bantu. Na Tresor iko pale, anapiga kinanda kanisani, kimya, na heshima yake. Tresor aliwahi kukuita nyama gani?"

"Tresor hajawahi kuniita kitu chochote, mama. Hiyo ndiyo shida yake."

"Jumamosi kwaya yetu iko na konseri pale Kisugu. Mama ya Tresor atakuwa amekuwekea kiti. Utakaa naye."

Julienne akaacha kusuka. Kwao, kukaa na mama wa mtu mbele ya kanisa si kukaa tu. Ukikaa, watu hutazama, huhesabu kuwa limekwisha, na wiki inayofuata wanakuuliza rangi ya sare za harusi. Kinamama wa kwaya wameozesha mabinti wengi kwa kiti cha plastiki tu.

"Na nisipokaa?"

"Utanieleza unamukalia nani. Ule wa mbuu?"

Mwanga wa mlangoni ukazibwa. Ndani ya mlango alikuwa Masinde, waya begani, kofia mkononi, macho mekundu kama ya mtu aliyepuliziwa moshi. Olivia akalivuta pazia upesi, Hajati asionekane. Julienne akatoka mbele na kichana mkononi, na ingawa alikuwa na hasira ya kutosha kuchemshia chai, jicho lake la kwanza liliangalia kama yule mwanamume amekula. Hakuwa amekula. Hilo nalo likamuudhi.

"Shikamoo, mama," Masinde akasema.

Mama Marlène akaangalia ukuta. Ukuta haukumjibu Masinde pia.

"Julienne. Pore."

"Pole ya nini?"

"Sijui. Lakini nimekuja nayo."

Olivia akajiinamia kwenye wigi.

"Hujui," Julienne akasema. "Mtaa mzima unanililia. Wazee wenye wajukuu wananionyesha majani. Na wewe hujui."

"Napiga simu, hushiki. Nauliza watu, watu anacheka tu. Mimi nirisema kitu nzuli."

"Kuniita ng'ombe ni kitu kizuri?"

"Ng'ombe?" Masinde alitazama huku na huku kama anayemtafuta. "Nani arisema ng'ombe?"

"Yule Mkenya aliwaeleza watu wote. Na wewe ulikuwa pale pale."

"Mimi nirikuwa nimeshavaa hedifoni. Nirikuwa nasikiriza besi ya bendi inakuja. Niriona tu watu yote imefungua mdomo. Nikajua wanafulahi." Akaitazama kofia yake. "Nikaongeza sauti."

Lile pazia likatikisika, bila upepo.

"Akaongeza sauti," Mama Marlène akarudia polepole, akimwambia ukuta.

Julienne alijipiga kichana pajani. Kuna hasira ya kumchukia mtu, na kuna hasira ya kutaka kumtikisa mpaka akili zake zikae sawa kisha umkumbatie. Hii ya pili ndiyo inayochosha.

"Nani alikupa neno hilo, Masinde? Wewe neno hilo hulijui. Hata mimi silitumii."

"Hajati. Hajati Maimunah wa Kisugu, ule bibi. Wewe urisema Swahili yangu ni ya polisi. Nikaenda nikamwomba neno kubwa, neno ya heshima, ya kumwambia mwanamke mbere ya watu." Alikuwa akiikunja kofia yake sasa, kama anavyokunja waya. "Akaniambia, sema yeye ni fahali yako. Kama mama na mtoto yake. Kama mtu na nyumba arijenga na mikono yake mwenyewe. Kitu ambayo ukipita nayo njiani, shingo yako inasimama yenyewe. Nikasema, basi hiyo ndiyo Julienne. Nirifanya mazoezi njiani kote. Watu wa boda iko shahidi."

Julienne alisimama na kichana hewani. Nyumba. Mtoto. Shingo inayosimama yenyewe. Kitu kikaanza kumtekenya, mbali, nyuma ya hasira.

"Hebu sema tena. Mimi ni nini yako?"

"Fahali yangu."

"Sema 'habari'."

"Habali."

"Sema 'nzuri'."

"Nzuli. Kwa nini?"

Julienne akafumba macho. Alikuwa na huyu mtu mwaka mzima. Alikuwa akiambiwa habali asubuhi na pore jioni, na masikio yake yakajifunza kumtafsiri bila kuuliza, na siku moja tu aliyoacha kumtafsiri, akamwachia Mkenya amtafsirie.

"Fahari," akasema. "Alitaka kusema fahari."

Nyuma ya pazia kicheko kikapasuka, kikubwa, cha bibi aliyekizuia muda mrefu mpaka kikamuumiza mbavu.

"Hajati," Julienne akasema, "ulijua?"

"Nilijua jana, wajukuu waliponionyesha simu. Mimi nilimpa fahari safi, ya hariri. Imepita kwenye mdomo wake ikatoka na pembe."

"Na toka asubuhi umekaa hapo, hukusema?"

"Ulikuwa unanisuka, mwanangu. Mtu mwenye hasira husuka imara. Nikasema, acha kwanza upande wa kushoto uishe."

"Hata hivyo ulisikia mwenyewe," Olivia akaingilia. "Alisema fahali yangu. Kama ni ng'ombe si angesema wangu?"

"Masinde?" Julienne akasema. "Huyu hata mama yake mzazi anasema yangu."

Mama Marlène alikuwa hajacheka. Aliinuka, akamsogelea Masinde, akamtazama mdomo kama daktari wa meno. "Sema hapa, nisikie mimi. Fahari."

"Fahali."

"Ri."

"Li."

"Ri, mutoto. Rrri."

"Mama, nasema hiyo hiyo. Kweri."

"Unasikia?" Hajati akaita. "Kweri. Kumbe r anayo. Anaiweka tu nyumba ya jirani."

Mama Marlène akarudi kitini amechoka. "Fahari, fahali, bantu walisikia ng'ombe. Na mafahali wawili hawaingie zizi moja. Iko Tresor, iko huyu. Jumamosi tutaona nani anabaki nje."

"Masikini Tresor," Hajati akasema. "Naye ameshaota pembe, na hajafungua hata mdomo."

*

Julienne alimtoa Masinde nje, kando ya reli. Neno lilikuwa limekwisha, lakini lilipoondoka liliacha wazi kile kilichokuwa chini yake, na hicho hakikuwa cha kuchekesha.

"Sikiliza. Hilo la ng'ombe nimelisamehe. Sasa nina langu."

"Sema."

"Olivia amerudi kutoka Jinja na kiatu kimoja. Lakini ana watu wa kukumbuka nao lile tope. Mama yangu amekasirishwa na mwimbaji wa uongo, lakini walikasirika benchi zima, mpaka leo wanasimuliana. Mimi umenipeleka kila mahali, na sijawahi kwenda hata mara moja pamoja na wewe. Nikitaka kukwambia wimbo fulani ulikuwa mtamu, unaniambia besi ilizidi."

"Lakini nirikuwa hapo hapo."

"Ulikuwa na waya."

Masinde akaangalia bega lake kama analiona kwa mara ya kwanza. Akafungua mdomo kusema, na hapo treni ya mizigo ikafika, ndefu, yenye kutu, ikitikisa mabati ya saluni na meno ya watu. Julienne aliona midomo yake ikienda. Aliona macho yake. Yalikuwa yale yale ya juu ya vichwa vya watu, ila sasa yalikuwa karibu, na hakukuwa na kichwa katikati. Alichosema kilikuwa kifupi, na alikisema mara mbili.

Behewa la mwisho likapita.

"Umesema nini?"

Masinde akaona haya. "Nimesema treni iko na kerere."

Julienne aligeuza uso, maana uso ulikuwa unataka kumsaliti. "Jumamosi, konseri ya kina mama, Kisugu. Mama yake Tresor ameniwekea kiti. Ukitaka nisikikalie, njoo wewe tukae wote. Uje bila waya. Kiti chako kiwe pembeni yangu mwanzo mpaka mwisho. Na ukisimama kwenda kugusa mtambo wa mtu, Masinde, usirudi. Endelea kutembea mpaka Mbale."

*

Jumamosi alasiri kanisa lilijaa vitenge. Mama yake Tresor alikuwa safu ya pili, amekaa wima, na kiti cha pembeni yake amekilinda kwa mkoba mweusi. Alimpungia Julienne mkono. Julienne akampungia pia, akaenda kukaa safu ya tano, pembeni ya kiti kitupu.

Kile kiti kilikaa kitupu mpaka kikaanza kumcheka. Kwaya ikaingia. Mama Marlène, mbele kabisa katika sare ya zambarau, alikiona kiti na akakiona kitupu, akainua nyusi zake hata zikagusa kilemba. Tresor akaanza kupapasa kinanda, macho kwenye vidole. Wale wa safu ya pili waligeuka kumtazama Julienne, wakatazama mkoba, wakamtazama tena. Julienne alihesabu mpaka akachoka kuhesabu. Akaona aibu ya kukaa imeizidi aibu ya kuinuka. Akaanza kuinuka.

"Pore," mtu akasema. "Niripiga pasi shati mara ya pili. Mara ya kwanza irikataa."

Masinde alikaa. Bega lake halikuwa na kitu. Lilionekana uchi, masikini, kama mtu aliyenyoa ndevu za miaka. Kwaya ikaimba wimbo wa kwanza, na Julienne akaegemea pale ambapo siku zote palikuwa pa waya. Pakamtosha. Hakujua wimbo ulihusu nini. Alijua tu kwamba kwa mara ya kwanza alimjua mwenye kiwiko kilichokuwa ubavuni mwake.

Wimbo wa pili, maikrofoni ikapiga mluzi.

Bega likakakamaa.

"Kaa," Julienne akanong'ona.

"Nimekaa."

Ikapiga mluzi tena. Mhudumu wa kanisa akaenda kuipuliza, maana kwa wahudumu wa kanisa hiyo ndiyo dawa ya maikrofoni zote. Masinde aliweka mikono katikati ya magoti akaibana. Jasho likamtoka kwenye nywele. "Ni ule waya ya nyuma," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Umeregea. Ni kusukuma tu."

"Kaa, Masinde."

"Niko."

Ndipo ikafika zamu ya Mama Marlène kuimba peke yake. Alikuwa ameungojea wimbo huo tangu Pasaka. Akasogea mbele, akafumba macho, akafungua kinywa, na maikrofoni ikafa. Sauti yake ikafika safu ya pili, ikachoka, ikakaa chini. Tresor akaendelea kupiga kinanda, macho kwenye vidole, hana habari kama mwimbaji yupo au amekwenda sokoni. Mhudumu akapuliza. Mama Marlène akaigonga maikrofoni kwa kiganja, akaigonga kwa pete, akamtazama mhudumu, akamtazama Tresor, kisha macho yake yakatembea juu ya vichwa vya watu mpaka safu ya tano yakasimama. Yalikuwa macho ya mtu anayemeza dawa chungu.

"Masinde," akaita, bila mashine yoyote, na kanisa zima likasikia.

Vichwa vyote vikageuka. Masinde hakuinuka. Aligeuka polepole kumtazama Julienne, mikono bado imebanwa magotini.

"Naitwa," akasema.

"Nasikia."

"Ni mama yako."

"Namjua."

"Nisimame?"

Mwaka mzima aliondoka bila kuuliza. Julienne alimtazama yule mwanamume aliyekaa kama mtoto wa kipaimara, shati limelowa mgongoni, akiteseka kwa ajili ya waya ambao hakuwa ameukaribia, na moyo wake ukalegea kuliko huo waya.

"Nenda," akasema. "Ila urudi."

Akaenda mbio, ameinama, akatoweka chini ya meza ya mitambo. Mama Marlène alibaki amesimama mbele ya watu na ile maiti ya maikrofoni mdomoni, na kwa kuwa hana la kufanya, akamgeukia mwenzake wa kwaya kumnung'unikia. Hapo ndipo Masinde akausukuma waya.

"...huyu mukwe wangu naye," neno likatoka kwenye maspika yote manne, safi, halina mluzi, likavuka ua likafika barabarani, "kama angekuja na waya yake toka mwanzo tusingeaibika."

Mama Marlène akaitazama maikrofoni kama mtu aliyeumwa na kuku wake mwenyewe. Lakini neno la maikrofoni haliokotwi. Safu ya pili, mama yake Tresor alinyoosha mkono taratibu, akauchukua mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pembeni, akaupakata. Na mlangoni kabisa, chini ya mtandio mweupe, bibi mmoja wa Kinubi aliyesema kusikiliza si kubatizwa, akakohoa kitu kilichofanana sana na mbuu.

Masinde akarudi na vumbi magotini. Akakaa. Akauchukua mkono wa Julienne kama chombo ambacho bado hajafahamu vitufe vyake, akauweka juu ya goti lake na kuuacha hapo. Mbele, Mama Marlène alikuwa ameanza kuimba upya, kwa nguvu zote, ili watu wasahau.

"Watu iko na sura gani hii?" Masinde akanong'ona. "Mimi nirikuwa chini ya meza. Mama arisema nini?"

Julienne alitazama mbele. Alikuwa na fahali na fahari moyoni, zote zinasukumana, na hakutaka kuzitenganisha.

"Amesema treni iko na kerere," akamwambia, akamwegemea begani.